Nilivyomtafsiria Anti Verna

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa jikoni akikwangua kungumanga, na mimi niliyekuwa sebuleni nikikunja nguo nilisimama ghafla, soksi moja mkononi. Kungumanga iliyokwanguliwa papo hapo hainuki kama ile ya kopo la dukani. Ina ukali wa gome la mti, kisha utamu unaokuja taratibu na kukaa puani. Wengine wakiinusa wanakumbuka chai au keki. Mimi namkumbuka mtu. Namkumbuka Anti Verna, jirani yetu wa Fairfield, mwanamke wa Barbados niliyempenda kuliko bibi zangu wote wawili, kwa kuwa hao sikuwahi kuwaona. Na ambaye, nikiwa na miaka kumi, nilimdanganya.

Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa.

Tulikuwa tumefika Fairfield, mtaa wa Sydney huko Australia, miaka miwili kabla, kutoka kambini Tanzania, nilikozaliwa. Wazazi wangu ni Warundi. Baba alipata kazi ya ghala karibu na bandari ya Port Botany, akawa anarudi amechoka hata kuvua viatu ni shida, kwa hiyo shughuli zote za mchana zilikuwa za mama na mimi. Kiingereza cha mama kilikuwa ni salamu na asante tu, na mimi shule ilikuwa imenijaza lugha hiyo upesi kama ndoo chini ya bomba. Basi nikawa mdomo wake. Nilimtafsiria kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa yule dada wa ofisi ya wakimbizi aliyekuja na mafaili yake. Nilimtafsiria hata mikutano ya shule iliyonihusu mimi mwenyewe. Mwalimu akisema, "Divine anaongea mno darasani," mimi nilimgeukia mama kwa upole na kusema, "Anasema darasa bila mimi lingepooza." Mama alimshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alishangaa kidogo, lakini alifurahi.

Nyumba yetu ilikuwa ya chini katika jengo la matofali mekundu, na nyuma kulikuwa na kamba za kuanikia nguo za wapangaji wote. Siku moja mama alitoka na beseni la nguo kichwani, mikono yote miwili ikiwa huru, akihesabu vibanio. Kutoka kwenye kibaraza cha juu tukasikia ukelele.

"Wewe! Wewe mama! Usiende popote!"

Mama alidhani amevunja sheria nyingine ya Australia, maana kila wiki tulikuwa tukigundua moja mpya. Akasimama. Aliyeteremka alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mweusi kama sisi, nywele nyeupe zimesukwa mikia miwili kama za msichana wa shule, gauni la maua, fimbo mkononi. Alisimama mbele ya mama akalitazama lile beseni muda mrefu.

"Mwambie mama yako," aliniambia, "bibi yangu alikuwa akibeba hivi hivi. Sijaona mtu akibeba hivi tangu nilipoondoka Barbados."

Nikamwambia. Mama akapumua.

"Na wewe mwambie anishikie upande wa pili wa shuka," akasema mama.

Urafiki wao ulianza hivyo, kila mmoja ameshika ncha mbili za shuka, mimi nikiwa katikati nikikimbia na maneno.

Anti Verna alikuwa ameondoka kisiwani akiwa binti wa miaka ishirini kwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Alizeeka hospitalini huko, akafiwa na mume, kisha mwanawe wa pekee akamleta Sydney, na baada ya mwaka kazi ikamhamishia mwana huyo Perth. Akabaki na nyumba yake ya juu na simu ya kila Jumapili. Siku moja alitupikia chakula cha kwao: majani ya migomba aliyanunua yamegandishwa katika duka la Wavietinamu, akafungia ndani yake unga wa mahindi uliochanganywa na malenge, nazi, sukari na kungumanga, akavipika vifurushi hivyo kwa mvuke. Mama alipofungua jani la kwanza na mvuke ukampanda usoni, alifumba macho.

"Huyu mukecuru ni wa kwetu," alisema. "Amepotelea mbali tu."

Mukecuru ni bibi kizee kwa Kirundi, tena kwa heshima. Hiyo niliitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Anti Verna aliweka uma chini. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni wa mahali fulani. Waingereza walimuuliza atarudi kwao lini, na hapa Sydney walimuuliza ametoka Afrika nchi gani.

Kwenye rafu yake, kando ya Biblia, kulikuwa na kitabu kimoja cha zamani chenye jalada la kitambaa. Mwandishi wake alikuwa Mwingereza mmoja aliyezunguka visiwa vya Karibi wakati Anti Verna ana miaka sita. Anti Verna alikikuta katika duka la vitabu vikuukuu, alikoingia kukwepa mvua, akakifungua ovyo na kuliona jina la kijiji chao. Kurasa mbili nzima. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo mimi ndiye niliyemsomea.

Bwana yule aliusifu upepo, na bahari, na miwa inavyoinama. Kuhusu watu aliandika kwamba ni wepesi wa kucheka na wazito wa kufanya kazi, na kwamba ukiwatazama huwezi kujua kuwa babu zao walikuwa watumwa, kwa kuwa huzuni haikai kwao. Kisha akamweleza kikongwe mmoja aliyesimama mbele ya kibanda, beseni kichwani, akicheka bila sababu kama mtoto.

"Huyo ni bibi yangu," alisema Anti Verna. "Na sababu ilikuwepo. Yule bwana alikaa chini achore nyumba yetu, akakalia siafu."

Nilicheka mpaka kitabu kikaniponyoka.

"Aliruka! Alivua suruali nyuma ya ua! Sasa tafuta humo uniambie siafu wako ukurasa gani."

Nilitafuta. Kitabu kizima hakikuwa na siafu hata mmoja.

Kisha alinieleza kitu kingine, kwa sauti ya chini. Wiki ile msimamizi wa shamba la miwa alikuwa amemwambia bibi yake aihamishe nyumba. Huko nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za mbao, za kubomolewa na kubebwa kwa mkokoteni, kwa sababu utumwa ulikwisha lakini ardhi ilibaki kwa wenye mashamba. Bibi alikuwa hajacheka siku tano. Siafu ndio waliomchekesha. "Na yule bwana," alisema, "angemuuliza swali moja tu, angeambiwa yote."

Mwaka ule nilipotimiza miaka kumi, Anti Verna alisafiri kwenda Barbados, mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya hamsini. Alikaa wiki sita, nami nikimwagilia maua yake. Aliporudi alikuwa mwembamba zaidi, na mkoba wake ulinuka kungumanga. Akaniita juu. Mezani palikuwa na daftari jipya nene.

"Yule aliandika safari yake," alisema. "Mimi nitaandika yangu. Lakini vidole vyangu vimevimba. Wewe utakuwa mkono wangu."

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa kwenye meza ile, yeye akisema, mimi nikiandika. Alianza na uwanja wa ndege, ambapo kijana mmoja wa uhamiaji alimuuliza amekuja kutembea siku ngapi.

"Andika: nimezaliwa maili nne kutoka kwenye kiti chake, naye ananiuliza kama mgeni. Nami nilipofungua mdomo kumjibu, kilichotoka ni Kiingereza cha London."

"Niandike na hiyo ya London?"

"Andika. Ndivyo ilivyokuwa."

Neno hilo alilirudia kila nilipositasita. Aliniandikisha jinsi alivyolia kwa kuona mkate wa dukani umeandikwa jina la mtaa wake. Aliniandikisha kwamba binamu yake alimchosha siku ya pili tu. Na jumba la mwenye shamba la miwa, lile ambalo bibi yake alilipitia kwa mlango wa nyuma, sasa lilikuwa hoteli. Wageni wenye nguo nyeupe walikunywa chai barazani. Msichana wa kuwatembeza alieleza juu ya makabati, vyombo vya fedha na mabibi waliowahi kulala humo, na kila alipofika kwa watu weusi alisema "wafanyakazi". Anti Verna akanyoosha mkono kama yuko shuleni. Hao wafanyakazi walikuwa wakilala wapi? Msichana aliinamisha uso, akaonyesha dirishani. Palikuwa pa kuegesha magari.

Alikwenda. Alivua viatu akasimama juu ya lami, katikati ya magari ya kukodi, mpaka nyayo zikamuunguza. Kisha mlinzi wa geti, mwanamume wa makamo, alikuja polepole. Anti Verna alidhani anafukuzwa. Yule mlinzi alikuwa ameleta kiti na mwavuli. Alimfungulia mwavuli, akasimama naye pale bila kuuliza kitu, kofia yake mkononi.

"Andika hivyo hivyo," alisema. "Usiongeze chochote."

Siku ya mwisho alikwenda katika nyumba ya nyaraka za zamani. Bibi yake alikuwa akimhadithia habari za bibi yake mwenyewe, aliyemlea, mwanamke aliyeitwa Juba. Katika orodha ya watumwa wa shamba lile, kati ya majina yasiyo na majina ya baba, alimkuta. Juba, wa kike, miaka minane, kazi yake kung'oa majani ya mifugo. Anti Verna alitamka maneno hayo, nami nikayaandika, nikawaza kwamba nimemzidi miaka miwili.

"Muite mama yako," akaniambia.

Mama alipanda, mikono bado ina povu la sabuni. Anti Verna alimkalisha, akamshika mikono ile ile yenye povu.

"Muulize. Juba si jina la Kiingereza. Lilitoka Afrika. Je, kwenu lina maana?"

Mama alilitamka jina hilo polepole. Nyumbani tulichanganya Kirundi na Kiswahili cha kambini, naye alijibu kwa vyote viwili.

"Sisi jua tunaliita izuba. Yanakaribiana masikioni. Lakini watu wa visiwa vile walichukuliwa pwani ya magharibi, mbali sana na kwetu. Mwambie hatujui. Mwambie namwombea apate anayejua."

Niligeuka kwa Anti Verna. Alikuwa ameinamia mbele, midomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama yale ya mwalimu.

"Mama anasema ni jua. Jua la angani. Ni jina la kwetu."

Hakulia. Aliiachia mikono ya mama, akaenda kibarazani, akauelekeza uso wake juu. Mama aliniuliza ana nini. Nikasema amekumbuka nyumbani.

Wiki tatu zilizofuata Anti Verna alikuwa mtu mwingine. Alimwambia muuza nyama. Alimwambia mwanawe wa Perth kwamba wao ni watoto wa Jua, watu wa Burundi. Asubuhi nilipokwenda shule nilimkuta kibarazani na kikombe chake, akalitaja jina lile kuelekea mashariki, akanipungia mkono. Mimi nilijivuna. Nilijiona nimefanya kazi nzuri kuliko ofisi zote za Fairfield.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakila nje ya kanisa, Anti Verna alimvuta mama mkono. Alilielekezea jua kidole. Akasema, "Juba." Akagusa kifua cha mama, kisha chake. Hapakuhitajika mkalimani. Mama alimtabasamia, maana utafanyaje mtu akikugusa kwa upendo namna ile? Kisha akanitazama mimi, na tabasamu likaondoka.

Tulirudi kwa miguu. Tulipovuka reli mama aliniuliza:

"Divine, nilikwambia umwambie nini?"

"Kwamba hatujui."

"Ukamwambia nini?"

"Nilitaka afurahi, mama."

"Tukifika tunapanda juu."

"Atalia."

"Atalia," alisema mama. "Na utamwambia wewe, kwa mdomo huo huo."

Anti Verna alikuwa akiosha mchele. Mama alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa. Nilisema yote, nikiangalia maji meupe ya mchele yakizunguka kwenye sufuria. Nilipomaliza aliufunga mfereji, akakaa, akaniagiza nilete kile kitabu cha yule Mwingereza.

"Soma pale pa bibi yangu."

Nikasoma, mpaka kwenye kucheka bila sababu kama mtoto.

"Huyu alimtazama bibi yangu akaamua mwenyewe ana nini moyoni. Hakuuliza. Wewe uliuliza, ukajibiwa, ukalificha jibu. Nani afadhali?"

Mama, kutoka mlangoni, akataka kujua ameambiwa nini. Ilinibidi nitafsiri, na safari hii sikupunguza wala kulainisha, na hakuna tafsiri iliyowahi kuwa nzito kwangu kama ile. Mama alitikisa kichwa kukubali. Anti Verna akasema amechoka, tukashuka.

Jumapili mbili zilipita bila mimi kuitwa. Nilikaa chini nikizisikiliza hatua zake juu ya dari letu, fimbo na mguu, fimbo na mguu. Ya tatu, fimbo iligonga sakafu mara tatu, kama alivyokuwa akiniita zamani. Nilipanda mbio, nikasimama mlangoni kama mgeni.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza. Nikakaa. Akaanza:

"Nilimuuliza jirani yangu, mwanamke wa Burundi, maana ya jina la Juba. Alisema hajui. Mtoto wake alinipa jua ambalo halikuwa langu, nikatembea nalo wiki tatu, na zilikuwa wiki nzuri."

Nilisimamisha kalamu. "Niandike na hiyo ya wiki nzuri?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Na jina lako liandike kamili. Wewe kwenye kitabu changu utaingia na siafu wako."

Nililia pale mezani, akaniachia nilie, kisha akanipa mkate wa nazi.

Miaka ikapita. Mama alijifunza Kiingereza, akasomea kazi ya kutunza wazee, akaajiriwa katika nyumba ya wazee ambako Anti Verna naye alikuja kuhamia miguu ilipomshinda. Mimi nikaingia chuo kikuu, Parramatta. Huko nilipata rafiki kutoka Ghana, na siku moja tukila chakula cha mchana aliniambia kwamba kwao mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Bibi yake ni Adwoa, wa Jumatatu. Akaongeza kwamba katika orodha za watumwa za visiwa vya Karibi jina hilo liliandikwa vibaya na makarani, Juba.

Kijiko kilibaki hewani. Lakini sikwenda siku ile. Nilimwambia mama kwanza, naye akaniagiza nihakikishe. Nilisoma maktaba, nikamuuliza mhadhiri mmoja, nikampigia simu bibi wa rafiki yangu. Ndipo nikaenda.

Anti Verna alikuwa kitini karibu na dirisha, mdogo sana ndani ya sweta lake. Mama ndiye aliyekuwa zamu, akimfunika miguu. Nikamweleza. Alinikazia macho yake yenye ukungu.

"Una hakika, au unanipenda tu?"

"Nina hakika. Na ninakupenda pia."

"Hayo mawili tuyatenganishe." Akamgeukia mama. "Ni kweli?"

"Ameuliza watu watatu," mama akajibu kwa Kiingereza chake. "Nilimtuma mimi."

Kisha Anti Verna akaanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka mama akamletea maji.

"Jumatatu! Miaka yote hii nafikiri ni malkia, au nyota, kumbe ni Jumatatu!"

Alipotulia alinishika mkono. Akaniuliza kama wale watu wa orodha ile waliruhusiwa kuwa na kalenda. Nikasema sidhani.

"Basi mama yake alikuwa akihesabu," alisema. "Katika yote yale, mtu fulani alikuwa akihesabu siku, akajua kwamba leo ni Jumatatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya mwisho niliyoiandika kwenye daftari lake.

Alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe alikuja kutoka Perth, tukamzika asubuhi yenye upepo, na mama na mimi tukarudi kwa treni tukiwa na nguo nyeusi na viatu vyenye udongo. Nilikuwa nimebeba daftari mapajani. Nikamuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile alikasirika kwa nini kiasi kile, kwa neno moja la mtoto?

Aligeuka kuangalia nje.

"Unajua nilikuwa na kaka, Salvator. Tulipotezana njiani tulipokuwa tunakimbia vita. Pale kambini, kila aliyefika alikuwa amemwona. Mmoja alimwona Kigoma akiuza viatu. Mwingine alimwona kanisani, amenenepa. Nilikuwa na shati lake moja. Kila mwezi nililifua, lisije likanuka uvundo siku atakayokuja. Miaka sita. Hapakuwa na hata mmoja aliyemwona, Divine. Walikuwa wananihurumia."

Alipangusa udongo kwenye kiatu chake kwa kidole.

"Ningepata mtu mmoja wa kuniambia hajui, ningekaa chini nikalia naye."

Nilikuwa mtu mzima tayari, na miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba jibu la mama lilikuwa dogo na kavu, na kwamba kosa langu lilikuwa kulipamba. Katika treni ile ndipo nilipoelewa alichokuwa amemwagiza mtoto wake akipeleke mezani kwa Anti Verna. Kilikuwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikingoja miaka sita, na hakuna aliyempa.